Jioni nne juu ya paa Malindi: kuwatafuta wenyeji wa sauti za mbali

Mwishoni mwa Machi, kabla masika hayajafunga anga, nilihudhuria mafunzo ya nyota yanayotolewa kwa jioni nne juu ya paa la nyumba moja ya zamani hapa Malindi. Naandika tathmini hii kwa sababu sijaona huduma nyingine katika mji wetu inayomchukua mtu asiye na digrii, ikamfikisha kwenye swali la kweli la sayansi, kisha ikamwacha ahangaike nalo mwenyewe. Jina la nyumba silitaji, kwa kuwa mwenyewe, mwalimu mstaafu wa fizikia, hupokea watu wanane tu kwa awamu na ameomba asitangazwe. Wanaomhitaji humpata kwa kuulizana. Ada ni shilingi 2,500 kwa jioni zote nne, pamoja na kahawa tungu na kaimati.

Swali lenyewe ni hili: mawimbi makali ya redio yatokayo mbali sana angani, galaksi ipi ndiyo inayoyatoa? Mimi ni fundi wa redio, na zaidi ya nusu ya umri wangu nimeupitisha nikiwa nimeshika chuma cha kulehemu, kwa hiyo nilidhani kwamba sehemu hii ningeielewa kabla ya wenzangu. Mwalimu alinionyesha mapema kwamba nilichokijua ni nusu tu. Antena husikia vizuri, lakini huona vibaya. Ukali wa jicho lake hutegemea urefu wa wimbi ukilinganishwa na upana wa antena, na wimbi la redio ni refu kupita kiasi mbele ya wimbi la nuru. Katalogi ya tatu ya Cambridge, iliyotolewa mwaka 1959, iliorodhesha vyanzo 471 vilivyosikika katika megahezi 159, masafa yaliyo juu kidogo tu ya yale ya FM ninayoyashughulikia kila siku. Vingi kati ya vyanzo hivyo vilikuwa namba na kipande cha anga tu, na katika kipande hicho, ukikitazama kwa darubini, mara nyingi mna galaksi nyingi zilizosongamana. Mzee mmoja, nahodha wa zamani, aliuliza jambo ambalo sote tulikuwa nalo moyoni: "Sasa Mwalimu, mwenye sauti ni nani humo?"

Hapo ndipo huduma hii inapostahili sifa zake zote. Mwalimu hakujibu. Aligawa picha za anga zilizochapishwa kwenye karatasi, pamoja na vipande vya plastiki angavu vilivyochorwa mistari ya nguvu za redio, mithili ya mistari ya kina kwenye ramani ya bahari, akatuambia tulaze plastiki juu ya picha na kuweka alama ya penseli pale tunapodhani mwenyeji, yaani galaksi inayotoa mawimbi hayo, yupo. Kwenye karatasi yangu palikuwa na madoa mawili makubwa ya redio, moja kushoto na jingine kulia, na chini ya lile la kulia ilikaa galaksi nzuri yenye kung'aa. Niliitia duara bila kusita. Mwalimu alisimama nyuma yangu, akaweka ncha ya kalamu katikati ya madoa yale, mahali nilipoona weupe mtupu, akasema, "Fundi, usikimbilie palipong'aa." Nilisogeza taa nyekundu karibu. Palikuwa na kivuli kidogo, hafifu kama alama ya kidole kwenye kioo, na hicho ndicho kilichokuwa mwenyeji. Ile galaksi yenye kung'aa ilikuwa mpita njia tu, iliyo karibu nasi zaidi, iliyojikuta mbele ya doa.

Baada ya kosa hilo, maelezo yaliingia bila kulazimishwa. Mwaka 1953, wanasayansi Jennison na Das Gupta, wakiwa Jodrell Bank nchini Uingereza, waligundua kwamba chanzo kiitwacho Cygnus A kina madoa mawili ya redio. Mwaka uliofuata Baade na Minkowski walichapisha utambuzi wa galaksi iliyo katikati yake, waliyoipiga picha kwa darubini ya mita 5 huko Palomar, California. Galaksi hiyo iko umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 750. Katikati yake mna shimo jeusi lenye uzito wa jua kiasi cha bilioni mbili na nusu, ambalo hurusha mikondo miwili ya chembe pande mbili zinazokabiliana, na mikondo hiyo husafiri mbali nje ya galaksi kabla ya kugonga gesi na kutanda kuwa mabawa, ndiyo yale madoa mawili tunayoyasikia. Kwa hiyo sauti kubwa kabisa haitoki nyumbani kwa mwenyewe, na ndiyo maana kazi ya kumtafuta mwenyeji ni ngumu na ina thamani.

Jioni ya pili ilikuwa ya kawaida: majina ya nyota, Kilimia kikizama magharibi, matumizi ya darubini. Ilinifaa, lakini anayejua kusoma anga anaweza kuikosa asipungukiwe sana.

Jioni ya tatu tulikaa hadi saa sita na nusu usiku, saa ambayo 3C 273, yaani chanzo namba 273 cha katalogi ile ya tatu ya Cambridge, hupita karibu kabisa na utosi wetu hapa Malindi. Tuliiona kwa darubini ya kioo cha sentimita 25: nukta moja yenye ubuluu kidogo, isiyotofautiana na nyota yoyote. Mahali pake palipatikana mwaka 1962, Cyril Hazard na wenzake walipotumia antena ya Parkes huko Australia na kusubiri mwezi ukifunike chanzo hicho. Dakika sauti ilipokatika, na dakika iliporudi, walijua ukingo wa mwezi ulikuwa wapi, na chanzo kilikuwa papo hapo ukingoni. Sisi watu wa pwani, tunaohesabu siku kwa kuandama kwa mwezi, tulisikiliza habari hiyo kwa utulivu wa pekee. Mwaka 1963 Maarten Schmidt alisoma spektra ya nukta ile, yaani nuru yake iliyotenganishwa rangi kwa rangi, na kuona mistari ya haidrojeni imesogea kuelekea wekundu kwa asilimia 16 hivi. Kadiri kitu kilivyo mbali ndivyo mistari hiyo inavyosogea zaidi, maana yake iko zaidi ya miaka ya nuru bilioni mbili kutoka kwetu. Ni kwasa, yaani kitovu cha galaksi kinachong'aa kupita kiasi: galaksi yake ipo, lakini nuru ya kitovu huimeza, kama taa ya gari inavyomficha dereva.

Kasoro zipo, na nazitaja kwa nia njema. Stendi ya darubini husumbua sana kitu kikiwa utosini, hata mama mmoja mwenye maumivu ya mgongo alishindwa kuinama na kuikosa 3C 273, jambo lililonihuzunisha. Kioo cha pembeni na kiti kirefu vingetosha kumsaidia. Taa za hoteli jirani huharibu upande wa mashariki. Kubwa zaidi, jioni ya nne ilibanwa mno. Ndiyo jioni ya vyanzo vya mbali kabisa, na ilistahili usiku mbili. Tulielezwa upesi jinsi wanaastronomia Lilly na Longair walivyoonyesha mwaka 1984, kwa kupima nuru ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, kwamba wenyeji wa vyanzo hivi hufifia kwa utaratibu kadiri wanavyokuwa mbali, dalili kwamba wengi wao ni galaksi kubwa kuliko nyingine za zama zao. Kisha picha ya Buibui, galaksi ambayo nuru yake iliondoka zaidi ya miaka bilioni kumi iliyopita, ikizungukwa na galaksi ndogo nyingi zinazoiangukia, ilipita mbele yetu kwa dakika tatu. Nilitamani kuwekewa plastiki juu yake nijaribu tena.

Hata hivyo Mwalimu alipata nafasi ya kunyoosha mkono upande wa Ngomeni, ambako tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kupima miale ya eksrei kutoka angani. Ni Uhuru iliyoonyesha kwamba makundi ya galaksi hutoa miale hiyo kutoka eneo pana, na leo inajulikana kuwa chanzo chake ni gesi yenye joto kali iliyojaa kati ya galaksi, gesi ileile ambayo mabawa ya Cygnus A yanaisukuma. Nahodha alisema alikuwa kijana baharini mwaka ule, na kwamba majukwaa ya San Marco, yale ya baharini iliyorushwa kutoka kwayo, aliyaona mara nyingi akipita. Hakuwa amewahi kuambiwa yalitumika kwa kazi gani.

Awamu nyingine itaanza mvua zikiisha. Nimelipia nafasi mbili, yangu na ya binti yangu aliye kidato cha tatu, na nimeahidi kulehemu mguu wa stendi kabla ya siku hiyo. Atakayekwenda abebe shuka, maana upepo wa usiku juu ya paa lile si haba, na penseli yenye kifutio.