Maiki za kondensa za bei nafuu kwa dramu na gitaa kavu: zipi zinafaa studio ndogo ya Kigoma

Studio nyingi ndogo, iwe Mwanga, Gungu au Ujiji, huanza na maiki moja nene ya kondensa kwa ajili ya mwimbaji. Kwa mwimbaji inatosha. Shida huanza kwaya inapokuja na dramu, au mpiga gitaa kavu anapotaka gitaa lake lisikike kushoto na kulia. Hapo wengi hukimbilia maiki nyingine nene yenye rangi ya dhahabu, na fedha imepotea. Kwa kazi hizo mbili, nunua kwanza jozi ya maiki nyembamba zenye kiwambo (utando unaopokea sauti) kidogo. Kiwambo kidogo hufuata haraka mlio wa fimbo na ukucha, na sauti inayoingia kwa ubavuni haibadiliki sana.

Ya bei ya chini kabisa inayostahili fedha yako ni Behringer C-2. Huja mbili ndani ya kasha, na kipande cha kuzibana zote juu ya stendi moja. Ina swichi ya kukata besi na ya kupunguza nguvu kwa desibeli 10, nayo hiyo ya pili utaishukuru mpiga dramu anapokuwa na mkono mzito. Kasoro yake ni ukali wa juu: matoazi huchoma masikio. Punguza desibeli 2 au 3 kuanzia kilohezi 8, mambo yatatulia.

Rode M5 nayo huuzwa kwa jozi iliyolinganishwa kiwandani, bei ikiwa juu zaidi. Haina swichi yoyote, lakini inahimili desibeli 140 na matoazi yake ni laini. Kwa gitaa inaiacha C-2 mbali. Mwenye uwezo asisite.

Audio-Technica AT2020 tunaipendekeza kwa anayeweza kununua maiki moja tu na bado anarekodi waimbaji. Inahimili desibeli 144, kwa hiyo dramu haziitishi. Soma boksi vizuri, maana kuna toleo la USB. Mbili za USB kwenye kompyuta moja ni usumbufu mtupu.

Watu hubishana sana kuhusu kelele ya maiki yenyewe: AT2020 ina desibeli 20, Rode NT1-A ina 5. Tofauti hiyo ni ya kweli, ila chumba chenye feni, dirisha la barabarani na bodaboda nje kina kelele inayozifunika zote mbili. Tuliza chumba kwanza.

BM-800, maiki nyingine ya bei ya chini, tunaikataa kwa kazi hii. Mara nyingi huja na kebo inayoishia pini ya milimita 3.5, ambayo haipitishi volti 48, umeme unaoendesha maiki ya kondensa, na inabeba mvumo wa kompyuta.

Saundi kadi, kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta, nayo ihesabu mapema. Behringer UM2 ina mlango mmoja tu wa maiki, hivyo jozi yako itakaa nusu kabatini. UMC202HD au Focusrite Scarlett 2i2 zina miwili. Saundi kadi ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta. Ukipitia kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake, volti 48 hushuka na sauti huanza kukwaruza bila sababu unayoiona.

Kwenye dramu, pandisha maiki zote mbili juu, kama sentimita 90 kutoka kwenye snea (ngoma ndogo iliyo mbele ya mpigaji). Chukua uzi, shika ncha moja katikati ya snea, upime hadi maiki ya kwanza, kisha uzungushe uzi uleule hadi ya pili. Urefu lazima ulingane. Zikipishana sentimita 34, sauti inachelewa karibu milisekunde 1 upande mmoja. Ukizichanganya, eneo la hezi 500 linauana na snea inabaki nyembamba kama karatasi. Wengi hulaumu maiki kwa kosa hili. Dari likiwa chini, funga kipande cha godoro juu ya kila maiki, kwa sababu mlio unaorudi kutoka darini huharibu vilevile. Kiki, ngoma kubwa ya mguu, itasikika kwa mbali. Ukipata mlango wa tatu, iwekee maiki ya kawaida ya jukwaani.

Gitaa kavu: elekeza maiki kwenye freti ya 12, umbali wa sentimita 20 hadi 30. Usiielekeze kwenye tundu. Besi inayotoka pale hunguruma, na ukiisogeza maiki karibu inazidi.

Kabla ya kulipa, nenda dukani na kompyuta, saundi kadi na hedifoni. Rekodi ukimya kwa nusu dakika, geini (kiwango cha kukuza sauti) ikiwa pale utakapoiweka kwa gitaa. Kisha bana maiki mbili ubavu kwa ubavu, ongea sentimita 50 mbele yake, sawazisha viwango, halafu geuza polariti ya moja kwenye programu, yaani wimbi lake lipinduke juu chini. Jozi nzuri ikichanganywa, sauti yako karibu itatoweka. Ikibaki na nguvu, omba jozi nyingine.

Halafu unyevu. Hewa ya ziwani, hasa miezi ya mvua, huingia kwenye kiwambo, na maiki ikitolewa kwenye chumba cha AC kwenda ukumbi wa joto hutoa vishindo na michirizo. Ihifadhi kwenye kopo la plastiki linalofungwa vizuri pamoja na vipakiti vya silika. Ikianza kupasuka-pasuka, usiipulizie wala kuianika juani: zima volti 48, irudishe kwenye kopo na silika kavu, uijaribu tena kesho yake.