Uzoefu wangu na bodi ya volti 12 isiyo na transfoma

Nina mashine ya kutotoleshea vifaranga niliyoiunda mwenyewe kwa boksi la mbao, yenye nafasi ya mayai 48, balbu mbili na thamostati (kifaa cha kudhibiti joto) ndogo ya W1209, ile ya bodi wazi yenye namba nyekundu ambayo wafugaji wengi wa kuku wanaifahamu. Thamostati hiyo hutumia DC ya volti 12, yaani umeme wa upande mmoja kama wa betri, si AC ya ukutani. Adapta yangu ilipoungua, muuzaji mmoja wa Kariakoo alinionesha kibodi kisichozidi ukubwa wa kiberiti, akaniambia, "Bosi, hiki unakichomeka moja kwa moja ukutani, volti 12 hizo, hakina hata transfoma." Nilikilipia shilingi 4,000 na kuondoka nikijiona mjanja.

Kabla ya kukifunga nilikikagua chini ya taa. Kilikuwa na kapasita moja ya njano iliyoandikwa 474 (yaani mikrofaradi 0.47) na X2 275V (X2 ni daraja la kapasita zinazofaa kuungwa kwenye umeme wa ukutani), iliyounganishwa mfululizo na waya mmoja wa umeme, kisha rezista ya kupunguza mkondo wa ghafla unapowasha, dayodi nne za kugeuza AC kuwa DC, zena ya volti 12 (dayodi inayozuia volti zisizidi hapo) na kapasita ya kulainisha. Kapasita ya njano ndiyo inayobeba mzigo wote wa kushusha umeme. Katika umeme wetu wa volti 230 na hezi 50, mikrofaradi 0.47 hukinza kama omu 6,800, kwa hiyo mkondo unaopita ni kama miliampea 34, na baada ya dayodi unabaki na kama 30 za kutumia. Rezista pia ingeweza kushusha umeme kiasi hicho, lakini ingekuwa inachoma karibu wati 7 bure, ilhali kapasita haipati hata joto la kuhisi kwa mkono. Kwa upande huo sina lawama. Ni ufundi wa bei nafuu ambao umo pia ndani ya taa nyingi ndogo za LED tunazonunua.

Tatizo la kwanza lilijitokeza usiku uleule. Thamostati ya W1209 hutumia hadi miliampea 35 ikiwa imetulia, na hadi 65 relei yake (swichi ya sumaku inayowasha balbu) inapovuta. Joto liliposhuka chini ya nyuzi 37.5, relei ilijaribu kuvuta, volti zikaporomoka, ikaachia, volti zikapanda, ikavuta tena, na nilichosikia kutoka chumba cha pili ni mlio wa ta-ta-ta-ta huku balbu zikipepesa. Hakuna mahali popote kwenye bodi palipoandikwa kiasi cha mkondo. Paliandikwa "12V" tu, na mimi sikuuliza. Niliibadilisha kapasita kwa nyingine ya X2 yenye mikrofaradi 1.5, ambayo hutoa zaidi ya miliampea 90, nikaweka na zena kubwa zaidi, kwa sababu katika mpangilio huu mkondo usiotumiwa na kifaa hupitia kwenye zena na kuipasha moto. Mlio ukakoma, na mayai yale yakafika siku ya 21 salama.

Suala la usalama nililichukulia kwa wepesi, na hapo ndipo nilipokosea zaidi. Nilipima kwa malitimita kati ya hasi ya DC na pini ya ethi ya soketi, nikapata kama volti 6 za AC, nikajiridhisha kwamba hakuna hatari. Miezi miwili baadaye nilimwazima mdogo wangu mashine hiyo, naye akaichomeka kwenye waya wa kurefushia umeme uliotengenezwa na fundi wa mtaani. Mkewe alitaka kubadilisha joto, akabonyeza kitufe cha SET akiwa ametoka kunawa mikono, kidole kikagusa sehemu zilizolehemiwa kando ya kitufe, na umeme ukamrusha nyuma. Namshukuru Mungu kwamba alikuwa amevaa kandambili na sakafu ilikuwa kavu.

Nilikwenda na malitimita yangu, nikapima palepale, nikakuta volti 228. Bodi ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba katika waya ule laivu (waya wenye umeme) na nyutro (waya wa kuurudisha) vilikuwa vimepishanishwa. Nyumbani kwangu kapasita ilikaa upande wa laivu, kwa hiyo sehemu yote ya DC ilikuwa karibu na nyutro na kuonekana haina madhara. Kwao kapasita ilikaa upande wa nyutro, na thamostati nzima, pamoja na vitufe na waya wa kihisi joto, ikawa imeunganishwa na laivu. Mita bado ingesoma volti 12 kati ya chanya na hasi, jambo linaloweza kumdanganya mtu yeyote. Hata pale ambapo waya zimepangwa sawasawa, nyutro ikikatika mahali fulani matokeo ni hayohayo. Tafadhali elewa kwamba transfoma haishushi volti tu, bali pia huitenga saketi ya DC na umeme wa ukutani, na huo utengano kapasita haiwezi kuutoa, iwe ya bei gani.

Kuna kasoro nyingine ndogo iliyonikera. Bodi haikuwa na rezista ya kuimaliza chaji ya kapasita, na mara moja nilipochomoa plagi na kushika pini zake, zilinipiga, kwani kapasita inaweza kubaki na volti zinazofikia 325. Niliweka rezista mbili za kiloomu 470 mfululizo, sambamba na kapasita. Mbili badala ya moja kwa sababu rezista ndogo ya kawaida haikutengenezwa kuhimili volti zote hizo peke yake.

Kwa mashine ya vifaranga nilinunua HLK-PM12, kijisanduku cheusi cha milimita 34 kwa 20 kinachopokea AC ya volti 100 hadi 240 na kutoa volti 12 kwa miliampea 250. Kusema kweli ndani yake mna transfoma, ila ni ndogo sana kwa kuwa inaendeshwa kwa masafa ya juu, na ndiyo inayotenga DC na umeme wa ukutani. Nimeiwekea fyuzi ya ampea 1 na varista (kifaa cha kumeza volti zinazopanda ghafla) kwenye upande wa AC, kwa kuwa kijisanduku peke yake hakikunipa imani dhidi ya mawimbi ya umeme unaporudi baada ya kukatika. Imefanya kazi mfululizo kwa mizunguko minne ya kutotolesha, relei inavuta mara moja na kutulia, na nikiugeuza waya wa plagi hakuna kinachobadilika. Ilinigharimu mara tatu ya bodi ya kwanza.

Bodi ya kwanza sikuitupa. Nilirudisha kapasita yake ya 474, nikaifungia ndani ya taa ndogo ya usiku ya ukumbini yenye LED tatu, ndani ya kasha la plastiki lililogundishwa, lisilo na skrubu wala kitufe ambacho mtoto anaweza kukifikia, pamoja na fyuzi yake. Kwa kazi ya namna hiyo, yenye mkondo mdogo usiobadilika na isiyo na sehemu ya kuguswa, ningeinunua tena bila kusita. Baada ya mwaka mmoja na nusu mwanga ulianza kufifia. Nililipasua kasha, nikaipima kapasita na kukuta imeshuka hadi mikrofaradi 0.36. Nimeweka nyingine mpya ya X2.