Sugamadeksi naipa nyota nne, ya tano naizuia

Sisi wa kitengo cha usingizi tumelelewa na neostigmini, dawa ya kurudisha nguvu za misuli iliyolegezwa kwa ajili ya upasuaji. Unaichoma pamoja na atropini, maana ukiitoa peke yake mapigo ya moyo yanashuka na mate yanajaa mdomoni, halafu unasubiri. Misuli ikiwa bado imelegea sana, hata ukimaliza kiwango cha juu cha miligramu 5 utakuwa unajisumbua tu.

Sugamadeksi, inayouzwa kwa jina la Bridion, inafanya kazi hiyo hiyo, lakini ni habari nyingine. Ulaya iliiruhusu mwaka 2008, Marekani Desemba 2015. Inaifumbata dawa ya kulegeza misuli, rokuroniamu au vekuroniamu, humo humo kwenye damu, kisha figo zinaitoa pamoja na hiyo iliyofumbatwa. Kwenye mashine ya kupima neva, inayoshtua mkono mara nne mfululizo, nimeona dole gumba likiruka mara moja, mara ya pili likitikisika kidogo, basi. Nikaingiza miligramu 2 kwa kila kilo. Baada ya dakika chache dole likaruka mara zote nne, na ule mruko wa mwisho una nguvu karibu sawa na wa kwanza. Raha kuangalia, sikatai.

Shida ni kwamba inatudekeza. Mtu anavunja kichupa cha miligramu 200, anamaliza chote, anatoa mrija wa kupumulia bila kupima chochote. Misuli ikiwa imelegea kabisa, mgonjwa anahitaji miligramu 4 kwa kilo. Mwenye kilo 90 anataka 360, kwa hiyo kichupa hicho hakijamfikisha. Na lile zoezi letu la "nyanyua kichwa, hesabu mpaka tano" lisikudanganye: kichwa kinaweza kunyanyuka huku misuli ya koo bado haijakaza, mgonjwa akafika wodini akapaliwa na mate yake mwenyewe. Mimi mrija hautoki mpaka mashine inionyeshe uwiano wa mruko wa nne kwa ule wa kwanza umefika 0.9 au zaidi.

Suksametoniamu na atrakuriamu, dawa nyingine za kulegeza misuli, sugamadeksi haizigusi, usijaribu. Mwenye figo zilizochoka sana simpi. Mzio mkali na moyo kupiga polepole mno hutokea pia, kwa hiyo adrenalini na atropini ziwe mkononi, si kabatini.

Kinachonikera zaidi ni uzazi wa mpango. Dawa hii inaweza kupunguza nguvu ya njia za homoni, ziwe vidonge, sindano au vipandikizi, na mwanamke anatakiwa aongeze kinga isiyo ya homoni, kama kondomu, kwa siku 7. Wangapi wanaambiwa? Mpasuaji anadhani nimesema mimi, mimi nadhani atasema nesi wa wodini, dada wa watu anakwenda zake nyumbani. Siku hizi namwambia mapema, nikimwona kabla ya upasuaji, kwa sababu akizinduka hakumbuki kitu, na kwenye karatasi yake ya kuruhusiwa naandika kwa herufi kubwa.