Kisanduku cha rangi za maji cha Cotman: uzoefu wangu wa kuchora bahari na sura za watu

Nilitaka kuchora nje, ufukweni Msasani, bila kubeba turubai, chupa za tapentaini na mzigo wa tyubu. Cotman Sketchers' Pocket Box ya kampuni ya Winsor & Newton inaingia mfukoni. Ndani mna vidonge 12 vya rangi na brashi fupi, na kifuniko ndiyo sahani ya kuchanganyia. Jina ni la John Sell Cotman, mchoraji wa mandhari kutoka Norwich, Uingereza, aliyefariki mwaka 1842. Hizi ni rangi za daraja la wanafunzi, yaani baadhi ya rangi ghali zimewekewa mbadala wa bei nafuu. Kwa kazi ninayofanya sijaona upungufu.

Sisi wa Dar macho yetu yamelelewa na Tingatinga, mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968 kwa rangi nzito za kung'aa juu ya hadibodi. Rangi ile inafunika; doa la njano linakaa vizuri juu ya nyeusi. Rangi ya maji haifuniki. Mwanga unapenya ndani yake, unagonga karatasi na kurudi machoni, kwa hiyo unaanza na rangi hafifu na kwenda kwenye nzito. Tanga jeupe la ngalawa hulipaki: unaliacha karatasi tupu na kuchora bahari kulizunguka. Kidonge cheupe kimo, Chinese White, rangi ambayo kampuni hii iliitoa mwaka 1834, lakini mimi nakigusa kwa nadra sana.

Raha yenyewe ni asubuhi, maji yakiwa yamekupwa na mchanga bado umelowa. Jua likishapanda, rangi inakauka kabla hujaieneza, na anga linabaki na michirizi. Ndiyo maana nalowesha sehemu yote ya anga kwanza, naweka buluu juu, naiinamisha karatasi na kuiacha ishuke yenyewe. Hapo hakuna haja ya ufundi mwingi, ni subira tu.

Lakini kilichonifanya nikipende kisanduku hiki ni sura za watu. Nimeona picha nyingi za watu weusi zilizochorwa kwa kahawia iliyotiwa nyeusi, na ngozi inatoka imekufa. Ngozi yetu ina wekundu masikioni, njano kwenye paji la uso, na pale inapong'aa inabeba rangi ya mbingu. Chukua kidonge cha Burnt Sienna, kahawia yenye wekundu, na cha Ultramarine, buluu iliyoiva. Ukizidisha cha kwanza unapata kahawia yenye joto. Ukizidisha buluu unapata kivuli kizito kinachokaribia weusi, lakini bado kina uhai. Kwa rangi hizo mbili na Yellow Ochre kidogo, njano ya udongo, nilimchora shangazi yangu barazani. Alipoiona akauliza, "Mwanangu, mbona shavuni umenitia buluu?" Nikamwomba augeuze mkono wake upande wa uwazi wa mlango. "Hiyo ni mbingu, shangazi." Akautazama mkono kwa muda mrefu, kisha akaniambia nimalizie na kilemba.

Kwa sura, anza na vivuli vikubwa: tundu za macho, chini ya pua, chini ya mdomo. Hivyo vikikaa mahali pake, mtu anatambulika hata kabla ya kope.

Anayenunua kisanduku hiki asibane fedha kwenye karatasi. Karatasi nyepesi ya daftari inajikunja, rangi inatuama madimbwi, na mtu anadhani rangi ndiyo mbaya. Tafuta ya gramu 300 kwa mita mraba, ya pamba ukiweza. Brashi ya ndani inatosha kwa michoro midogo ya safarini. Kwa anga kubwa ongeza ya duara iliyo nene.

Wa pwani wajihadhari na unyevu. Ukikifunga kisanduku vidonge vikiwa vimelowa, hasa wakati wa masika, ukungu unaota. Kiache wazi mpaka vikauke. Burnt Sienna ndiyo inayoniishia mapema kuliko zote. Naijaza tena kwa rangi ya tyubu, kidogo kidogo, nikiiacha ikauke kabisa kabla ya kufunika.