Meza ya pool au snuka ya mtumba: ipi ya kununua, ipi ya kukimbia

Muuzaji wa meza iliyotumika huanza na kitambaa. Atakipitisha brashi, atakwambia kilibadilishwa juzi tu, kisha atakukaribisha upige mpira mmoja wa bure. Mwache amalize, halafu chukua tochi, piga magoti, uingie chini ya meza. Kitambaa kinanunulika. Raba ya kingo inanunulika. Miguu iliyochubuka inapigwa msasa na vanishi. Kinachoamua ni uso uliolala chini ya kitambaa: kama ni jiwe la sleti lililo zima, meza inaweza kuwa imechakaa kila mahali na bado ikafufuka. Kama ni ubao wa MDF (nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) uliokwisha kupinda, hakuna fundi atakayeunyoosha.

Ndiyo maana nimezipanga meza hizi kwa kuangalia kisichorekebishika. Uzuri wa macho nimeuweka pembeni.

Kwanza ijue meza yenyewe

Sleti huwa ya kijivu, nyingine ikielekea zambarau, na ukiigusa ni baridi. Ukigonga kwa kifundo cha kidole inatoa sauti fupi, nzito. Ubao unalia wazi. Kama upande wa chini umezibwa kwa plaiwudi, chungulia kupitia tundu la mpira, hapo ukingo wa jiwe huonekana. Uzito nao hausemi uongo: mita moja ya mraba ya sleti yenye unene wa milimita 25 ina takribani kilo 70, kwa hiyo meza ya futi tisa imebeba zaidi ya kilo 200 za jiwe peke yake. Watu wawili wakiinua kona yake bila kukunja uso, hapo hakuna jiwe.

Halafu toa futikamba. Pima kutoka ncha ya raba hadi ncha ya raba ya upande wa pili, kwa maana jina la "futi tisa" linahesabu mwili mzima wa meza. Pool ya Kimarekani ya futi tisa ina sehemu ya kuchezea ya sentimita 254 kwa 127. Ya futi nane ni kama 224 kwa 112. Snuka kamili ni 357 kwa 178. Urefu uwe karibu mara mbili ya upana. Usipokuwa hivyo, kuna mtu alifunga kingo vibaya au alizitoa kwenye meza nyingine. Midomo ya matundu nayo inaeleza ukoo: ya Kimarekani imekatwa pembe zilizonyooka, ya snuka na ya pool ya Kiingereza imeviringwa.

Kibao cha jina la mtengenezaji hukaa kwenye ukingo. Kwenye meza kongwe za snuka utakuta Thurston, Burroughes & Watts, Orme au Riley, zote za Uingereza; upande wa Marekani jina kubwa ni Brunswick, kampuni iliyoanza 1845. Thurston ndiye anayetajwa kwa kuleta uso wa sleti mwaka 1826, kabla ya hapo watu walicheza juu ya mbao. Ila kibao kimeshikwa na skrubu mbili tu na kinahamishika. Tafuta namba zilizogongwa au kuchongwa kwenye viungo vya fremu na mabamba ya jiwe, uone kama zinapatana.

1. Meza ya sarafu iliyostaafu, futi sita au saba

Ni ile ya baa, inayotoa mipira ukiitumbukizia sarafu. Hii ndiyo ningemwambia mtu wa kawaida aitafute kwanza, ingawa wachezaji wakali watanicheka. Jiwe lake ni kipande kimoja, kwa hiyo hakuna kiungo cha kuziba. Mwili wake ulijengwa kustahimili watu wanaouegemea na kuugonga usiku kucha. Chumba cha mita 5 kwa 4 kinatosha ukiwa na fimbo za kawaida.

Kagua nyufa kwenye kona za jiwe, kwa kuwa meza hizi huhamishwa jiwe likiwa ndani na hugongwa milangoni. Kagua pia sakafu ya kabati, yaani mwili wa meza. Maji ya kudekia huuvimbisha ubao wake. Dai funguo zote kabla ya kutoa hela. Na uulize mpira mweupe wake: kwenye nyingi za Kiingereza una milimita 47.6 wakati ya rangi ina 50.8, na tofauti hiyo ndiyo inayoiwezesha mashine kuurudisha mweupe peke yake. Ukiweka mweupe wa saizi ya wenzake, utamezwa pamoja nao.

2. Pool ya futi nane au tisa, jiwe vipande vitatu

Kwa mchezo, hakuna inayoizidi kwenye orodha hii. Inashuka hadi nafasi ya pili kwa sababu ya kuihamisha: lazima ifunguliwe yote, kila bamba libebwe likiwa limesimama kwa ubavu, kisha ilinganishwe upya huko iendako. Ukinunua bila kuhesabu fundi, umehesabu nusu ya bei. Ya futi tisa inataka chumba cha takribani mita 5.5 kwa 4.3. WPA, chombo kinachosimamia pool duniani, hutaka jiwe lisilopungua sentimita 2.5, kwa nyumbani la milimita 19 linafaa.

Kijipande kilichomeguka ukingoni kinazibika. Ufa unaotoka tundu la bolti hadi jingine ni sababu ya kuaga.

3. Snuka kamili

Miguu minane, mbao ngumu, jiwe la vipande vitano, uzito unaopita tani. Mara nyingi mwenye nayo anachotaka ni chumba chake, ndiyo maana bei huwa ya kushangaza. Lakini inadai mita 6.7 kwa 4.9 na sakafu inayoweza kuibeba. Kama huna ukumbi, ipende ukiwa mbali.

4. Meza ya MDF

Ubao hunywa unyevu na kupinda, kingo zake nyepesi hufa haraka. Kwa watoto sawa. Kuirekebisha ni kutupa hela.

Kuirudisha hai

Anza na raba, kwani ndiyo inayodanganya wengi. Piga mpira kwa nguvu kutoka ncha moja ya meza. Kipimo cha WPA ni mpira kusafiri urefu wa meza mara nne hadi nne na nusu bila kuruka. Ukiishia mara mbili, usikimbilie kununua raba. Kaza kwanza bolti za kingo, maana ukingo uliolegea hutoa sauti ya debe na kumeza nguvu yote ya mpira. Kama bado, bonyeza raba kwa ukucha: iliyokufa ni ngumu na hutoa unga. Mpya iwe ya umbo lile lile. K-66 na K-55, majina ya maumbo ya raba za pool, hazibadilishani hivi hivi, na ya snuka ina umbo la L. Kwenye pool ncha ya raba hukaa kwenye asilimia 63.5 ya kimo cha mpira, yaani kama milimita 36 kwa mpira wa Kimarekani wa 57.15. Ikiwa chini zaidi, mpira utaruka; ikizidi, utabanwa chini.

Kulinganisha jiwe kunataka subira. Linganisha fremu kwanza, halafu mabamba, kwa kabari nyembamba au hata vipande vya karata. WPA huruhusu tofauti ya nusu milimita tu kwa urefu na nusu ya hiyo kwa upana, kwa hiyo pimamaji ya mwashi ni ya kuanzia kazi. Viungo huzibwa kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa, kisha hukwanguliwa hadi kidole kisihisi mstari. Jaribio la mwisho ni mpira unaobingirika taratibu mno. Ukipinda kabla ya kusimama, rudi kwenye kabari.

Kitambaa ndicho cha mwisho. Jiwe lenye ubao uliogundishwa pembezoni hushika pini za stepla. Lisilo nao linataka gundi ya kupuliza. Cha pool ya Kimarekani hufumwa bila vinyweleo, na hakihitaji pasi. Cha snuka ni cha sufu yenye vinyweleo vinavyolala kutoka upande wa kuanzia kuelekea mpira mweusi. Kitandikwe hivyo, kipigwe brashi na pasi kwa mwelekeo huo huo, na pasi iwe kavu.