Kiti kinatetemeka? Usikimbilie Kp: uchambuzi wa SMC3 na mota za waipa

Karibuni tena wadau. Huo mngurumo mnaousikia nyuma yangu ni kiti changu cha michezo ya mbio za magari, kile kinachosukumwa na mota kifuate mwendo wa gari la kwenye mchezo. Sijawasha mchezo wowote, hakuna aliyekigusa, lakini kinatetemeka kama mgonjwa wa homa. Subirini, tutarudi kwake.

Leo ni SMC3, programu ya bure unayoipakia kwenye Arduino Uno, bodi ndogo ya kielektroniki, ikakuendeshea mota hadi tatu. Mimi ninazo mbili, za waipa za gari, volti 12, kila moja na draiva yake, yaani saketi ya kuipa mota umeme, yenye chipu za BTS7960.

Tazama skrini. Mstari huu ni mahali mota imeagizwa iende, ule ni mahali ilipo kwa mujibu wa poti, kihisi kinachozunguka pamoja na mota: kuanzia 0 hadi 1023, katikati 512. Kwa grafu hii tu, SMC3 nimeipenda. Ila programu ya kuionyesha inataka Windows, na usipobonyeza kuhifadhi, ukizima umeme kazi yote imeenda.

Kabla ya yote, fungua mkono wa mota ili uachane na kiti. Nyaya zikiwa kinyume, mota inakimbilia ukingoni kwa nguvu zote, na ukingo wenyewe ni goti lako.

Haya, kuna namba tatu za kurekebisha: Kp, nguvu ya mota kukimbilia ilipoagizwa; Kd; na Ki, ya kufuta kosa dogo linalobaki mota ikitulia. Ki sifuri, Kd sifuri. Napandisha Kp taratibu... bado imelala... imeanza kufuata... na hapo, sikia, imepitiliza, inarudi, inapitiliza tena. Shusha kidogo. Sasa Kd, hii ndiyo breki. Ukiizidisha mota inalia, maana inakuza kila kelele ya waya wa poti. Ki mimi naiacha sifuri. Kiti cha mbio hakikai sehemu moja muda wa kutosha kuihitaji.

Na ule mtetemeko? Usiku mzima nilishusha Kp mpaka kiti kikawa kizito kama ng'ombe aliyeshiba. Kumbe ni nati ya poti imelegea! Mota inasogea, poti haina habari. Ikipata habari, mota imeshapita, inaitwa irudi. Hakuna namba ya kutibu hilo.

Zima umeme, shika mkono wa mota, utikise. Gia ya waipa haikubali kusukumwa kinyumenyume, kwa hiyo chochote kinachocheza hapo ni ulegevu. Mimi nimekaza nati kwa spana namba 10. Sikilizeni sasa... kimya. Kp nimeirudisha juu, na kiti kinapiga kona kama kawaida.