Jeevanjee Gardens: pa kulia githeri bila kulipia kiti

Mimi ni fundi wa cherehani, kiduka chetu kiko jirani na Biashara Street, na ndani hakuna hata pa kuweka sahani. Saa saba ikigonga nabeba mkebe wangu wa githeri, yaani mahindi na maharagwe, hadi bustani ya Jeevanjee, hapa katikati ya Nairobi. Hulipi kiingilio, na hakuna wa kukusimamia kichwani akiuliza utaagiza nini. Ila ukichelewa, benchi za kivulini zimeisha, utabaki kando ya mhubiri na kipaza sauti chake. Wakiwa wawili, kila mmoja na Mungu wake wa kupigia kelele, githeri haishuki.

Kwa miaka nilidhani Jeevanjee ni jina tu, kama la steji. Kumbe ni A. M. Jeevanjee, tajiri mzaliwa wa Karachi aliyeleta vibarua wakati wa ujenzi wa reli ya Uganda. Bustani aliitoa kwa wakazi wa mji mwaka 1906, pamoja na sanamu ya Malkia Victoria. Aliyekuja kuizindua ni Duke wa Connaught, mwanawe Victoria. Yaani mtoto kamfunua mamake hadharani! Mimi na jicho langu la fundi, nilichotazama kwanza ni gauni. Kupata mikunjo ile kwenye kitambaa tu ni kazi, sembuse kwenye jiwe. Mwaka 2015 watu waliikata sanamu hiyo kichwa. Pale kwenye benchi wapo waliocheka, na wapo waliosema mkoloni ni mkoloni lakini zawadi ya mtu haivunjwi. Mimi niko na hawa wa pili.

Kinachonishangaza zaidi ni mwaka 1991, ulipoletwa mpango wa kujenga hapa maegesho ya magari ya ghorofa. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, akakataa, na Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira aliyekuwa ametoka kupigania bustani ya Uhuru Park juzi tu, akamuunga mkono. Mpango ukafa. Bila wale akina mama wawili, leo ningekuwa nakula nikinusa moshi wa magari.

Nawapa nyota nne. Ya tano wameila wenye vipaza sauti. Njoo saa sita na nusu, na ubebe gazeti kuukuu la kukalia, maana ndege wa ile miti hawana adabu.